Je, Brashi Yaweza Kusema Uwongo?

Majuma machache baada ya Pasaka ya mwaka jana alinijia kijana mmoja wa hapa Same, ambaye riziki yake huipata kwa kuchora picha anazoagizwa na watu. Kibanda chake ki karibu na kituo cha mabasi, mahali ambapo wasafiri wa Arusha na wa Dar es Salaam hushuka kunyoosha miguu. Alianza kwa kuandika mabango ya maduka na kuchora kichwa cha mteja kwenye mlango wa kinyozi. Watu walipoona kwamba kile kichwa cha kinyozi kilifanana mno na mtu fulani wa mtaani, wakaanza kumletea sura zao wenyewe. Leo huchora wazee, maarusi, na mapadre wanaotimiza miaka 25 ya upadre (na sisi mapadre, nasikitika kusema, ndio tunaopunguzwa matumbo kuliko wateja wengine wote). Huchora kilele cha Shengena kikiwa na mawingu yake, huchora ng'ombe, na pengine huchora mbwa.

Siku ile hakuja kutafuta kazi. Alinisalimu, akakaa, akakizungusha kofia chake mikononi, kisha akasema, “Padre, je, brashi yaweza kusema uwongo?”

Nikamwuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba mama mmoja aliteremka kutoka milimani siku ya gulio, akiwa na picha ndogo ya pasipoti ya mwanawe, imefungwa pamoja na noti chache kwenye pindo la kanga. Mwana huyo alifariki akiwa katika mwaka wa pili wa masomo chuoni. Mama alitaka achorwe picha kubwa, amesimama kando ya baba yake mbele ya ndiva ya kijiji chao, naye amevaa joho jeusi na kofia ya mraba kama wavaavyo wahitimu. Lakini kijana yule hakuhitimu. Joho lile hakupata kulivaa hata siku moja.

Nami nilimjibu pale pale, kwa ule wepesi ambao mtu huupata katika seminari kuu na hukawia kuupoteza. Nilimwambia asichore. Picha ni usemi, nikasema, na kila usemi una sheria yake, yaani amri ya nane. Atakayeiona picha hiyo ataamini jambo ambalo halikutokea, na wewe ndiwe utakayekuwa umelisema. Kijana akanishukuru, akaenda, akamrudishia mama yule picha yake ya pasipoti na arubuni yake. Mama akapanda basi jioni ile akarudi kwao. Nikadhani shauri limekwisha.

Nalichukua tena swali lile leo mbele ya wasomaji kwa kuwa nadhani nililijibu vibaya, au kwa uchache nililijibu nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na uzito.

Yafaa kwanza niseme neno juu ya kazi yenyewe. Wako wazazi wema kabisa, wenye rozari mkononi, ambao mtoto wao akisema anataka kuwa mchoraji humtazama kana kwamba amesema anataka kuwa mvivu. Na wamsikilize Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akatoka kwao kutafuta kibarua, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha utumishi wa nyumbani mjini Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya ubao mwembamba, kwa rangi ile ile inayopakwa baiskeli, kwa maana ndiyo aliyoweza kuinunua. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani kwamba ni mhalifu anayetoroka. Alichora kwa miaka minne tu. Hata hivyo, jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Jamaa na wanafunzi wake waliendelea, wakaunda ushirika wao mwaka 1990, na mpaka leo familia nyingi hula na kusomesha kwa kazi ile iliyoanzishwa na mtumishi wa nyumbani mwenye kopo la rangi ya baiskeli.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya nyika, yuko Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere na baadaye London, akachora mambo ya kwao: mavuno, migomba, mikutano ya wanakijiji. Mwaka 1960 jumba kubwa la sanaa la New York lilinunua picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 akawa Balozi wetu Uingereza. Ntiro alizichora nyingi za picha zake kwa kumbukumbu, na kijiji cha kumbukumbu, kama ajuavyo kila mtu aliyekaa mbali na kwao, hakina matope mengi kama kijiji chenyewe. Kijana wetu wa Same huagizwa jambo hilo hilo na Wapare wanaokaa Dar es Salaam. “Nichoree ndiva yetu,” humwambia. Kwa wasomaji wasioijua, ndiva ni bwawa dogo ambalo wazee wetu walilijenga kukusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kuteremka kwa mifereji mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Basi humtaka aichore imejaa mpaka ukingoni. Kwamba mwaka huu ina ufa na nusu yake ni tope, hilo hawataki kuliona ukutani. Sioni dhambi katika hilo. Mtu anayetundika ndiva iliyojaa anasema jinsi alivyoijua utotoni, si jinsi ilivyo leo.

Dhambi naiona mahali pengine, wala si kwa mchoraji. Mteja huweka arubuni, mchoraji hununua rangi na ubao, hukaa siku nne au tano ameinama. Siku ya kuichukua mteja husema sura haifanani, apunguziwe. Akijibiwa kwamba haiwezekani, husema, “Kwani ni nini? Ni rangi tu.” Papa Leo XIII aliandika mwaka 1891 katika waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi kwamba haitoshi mfanyakazi awe amekubali ujira, ukiwa ujira huo hauwezi kumtunza mtu mwadilifu na mwenye kiasi, amedhulumiwa hata kama alikubali, maana alikubali kwa shida. Wengi wetu hudhani maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya wenye viwanda huko Ulaya. Yaliandikwa pia kwa ajili ya yule anayesimama mbele ya kibanda karibu na kituo cha mabasi, akiwa na sura ya mama yake mzazi mkononi, akiomba apunguziwe kwa kuwa ni rangi tu.

Na sasa hao wanyama. Kijana wetu alikuwa amechekwa na wenziwe kwa sababu msafiri mmoja kutoka Ulaya, aliyekuja kutazama faru na mbwa mwitu wa Mkomazi, alimpelekea kwa simu picha ya mbwa wake aliyekufa, akataka achorwe, akalipa mara tatu ya alicholipa mkulima wa hapa kwa sura ya mzazi wake. Wakamwita mchoraji wa mbwa. Aliniuliza kama ilimpasa kukataa. La hasha. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba ni halali kuwapenda wanyama, ila tusiwape pendo lile linalowastahili wanadamu peke yao, wala tusitumie kwao mali ambayo ingepasa kuwaondolea wanadamu taabu zao. Ikiwa yule msafiri amevuka mpaka huo, hilo ni la dhamiri yake. Mchoraji aliombwa mbwa, akachora mbwa, na fedha ile ililipa kodi ya kibanda.

Wala tusijifanye kwamba sisi hatuna mambo hayo. Mzee mmoja wa Mamba aliagiza fahali wake achorwe kabla hajamwuza. Fedha ya fahali ilikuwa ya ada ya mjukuu, naye hakutaka mnyama yule aondoke bila kuacha alama nyumbani. Fahali mwenyewe alikuwa na pembe moja iliyovunjika. Kijana, akidhani anampendeza mteja, akazichora pembe zote mbili nzima, zimeng'aa kama za fahali wa maonyesho ya Nane Nane. Mzee alipokuja kuichukua aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, “Huyu si wangu.” Akakataa kuilipa mpaka pembe ilipovunjwa tena kwa brashi.

Nilicheka niliposimuliwa habari hiyo, lakini baadaye ilinisumbua. Mtakatifu Thoma wa Akwino asema kwamba sanamu huitwa nzuri inapokifananisha kitu chake kikamilifu, hata kama kitu chenyewe si kizuri. Mzee wa Mamba hakupata kumsoma Thoma wa Akwino, lakini alijua kwamba pembe nzima ilikuwa imemwondolea fahali wake. Kumbe kuna kupendeza ambako ni kunyang'anya. Na wale ambao mara kwa mara hunyang'anywa hivyo ni wakubwa, kwa maana wakubwa ndio wachache kati yetu wanaoweza kulipa ili wafanywe wazuri.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1650 hivi, Papa Innocent X alipoiona sura yake ilivyochorwa na Mhispania Diego Velázquez, alisema kwamba ilikuwa kweli kupita kiasi. Yeyote aliyeiona picha ile ataelewa: uso mwekundu, macho ya mtu asiyemwamini anayemtazama, midomo iliyofungwa. Lakini Papa hakuitupa. Alimtunukia mchoraji mkufu wa dhahabu, na picha ingali Roma hata leo katika nyumba ya jamaa yake. Kinyume chake, mwaka 1954 Bunge la Uingereza lilimwagiza Graham Sutherland amchore Winston Churchill, awe zawadi yake ya kutimiza miaka 80. Sutherland akamchora mzee mchovu aliyejikunja kitini. Churchill aliichukia, na baadaye mkewe akaagiza iharibiwe, ikachomwa moto. Mimi simhukumu mama yule. Mke anayechoma picha kwa sababu inamtia mumewe uchungu ametenda kwa upendo. Hata hivyo nadhani alimnyang'anya mumewe kitu, na sisi pia: ule uso ambao haukuwa ukitutaka tuupende.

Basi mchoraji anayeombwa kumwondolea mkubwa makunyanzi, au kumwongezea padre nywele, afanyeje? Mafundisho ya zamani yaliita jambo hilo sifa za kujipendekeza, na hayakulihesabu sikuzote kuwa dhambi kubwa. Mimi humwambia kijana wetu kwamba kunyoosha kola ni adabu, kupunguza tumbo kidogo ni ukarimu, lakini asimwondolee mtu kovu bila kumwuliza kwanza alilipataje. Mara nyingi mtu akisha kueleza alivyolipata, hataki tena liondolewe.

Hayo yote, lakini, hayamgusi mama yule wa joho. Yeye hakutaka kujipendekeza kwa mtu yeyote. Mwanawe hakuwa mkubwa, wala joho halikuwa makunyanzi yaliyonyooshwa. Lilikuwa jambo zima ambalo halikutokea. Na hapa ndipo nilipomtumia Mtakatifu Augustino nusu nusu. Augustino alifundisha kwamba uwongo ni kusema lisilo kweli kwa nia ya kudanganya, nami nililishika lile la kwanza nikaliacha lile la pili. Tena yeye mwenyewe, katika kitabu cha ujana wake cha mazungumzo na nafsi yake, alikwisha kuona ugumu uliomo katika picha: farasi aliyechorwa asipokuwa farasi wa uwongo, hawezi kuwa mchoro wa kweli wa farasi. Kwa hiyo akatenganisha kitu kinachotaka kudanganya na kitu ambacho, kwa umbile lake, hujifanya kile ambacho sicho bila kumtega mtu. Mama yule alitaka kumtega nani? Kijiji kizima kilikuwa kimemzika mwanawe.

Hata ndani ya makanisa yetu, kama nilivyojiambia baadaye nikiwa nimesimama mbele ya altare, nimezungukwa na sura ambazo aliyezichora hakuziona. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, lakini hakuna parokia inayomtundika akiwa majivu. Twamtundika na tawi la mtende mkononi, amevaa utukufu. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima inayotolewa kwa sanamu humfikia yule aliyemo katika sanamu, na haukusema kwamba lazima sanamu imwonyeshe alivyokuwa saa ya mwisho. Najua msomaji atanijibu: taji la Karoli Lwanga twalisadiki, bali joho la kijana yule halikuwako. Ni kweli, na tofauti hiyo siwezi kuifuta. Ila nilipokuwa nikimjibu mchoraji siku ile hata sikuikumbuka, na mtu anayekataza yampasa angalau ajue ni wapi hasa katazo lake linaanzia.

Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu wote, nilipanda milimani kuadhimisha Misa katika kigango cha kijiji kile. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Baada ya Misa nilialikwa chai nyumbani kwa mama yule yule, naye hakujua kuwa mimi ndimi niliyemfungia mlango. Nilipoingia nikaiona ukutani, juu ya makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Alikuwa amekwenda Moshi, akapata mchoraji mwingine, akalipa, akachorewa kama alivyotaka: baba upande mmoja, ndiva nyuma imejaa maji, na kijana katikati amevaa joho na kofia ya mraba. Joho lilikuwa limechorwa vizuri sana, kila pindo lake. Uso ulikuwa unapatana na ile picha ya pasipoti. Mikono tu ndiyo iliyokuwa mibaya, minene, ya mtu yeyote.

Majirani wakaingia mmoja mmoja. Kila aliyeketi aliitazama picha, na wengine walisema, bila kumwambia mtu hasa, “Ndivyo angekuwa.” Hakuna hata mmoja aliyedanganyika. Nilikunywa chai yangu kwa aibu. Chumba kizima kilikuwa kinajua kusoma picha ile, na aliyekuwa hajui kusoma ni mimi niliyesomea.

Kisha mjukuu mmoja, mtoto wa miaka sita au saba, aliyekuwa amekaa chini akila mhogo, akanyosha kidole. “Bibi, mjomba alihitimu mwaka gani?”

Watu wakanyamaza. Na katika ukimya ule nikaona kwamba hata jibu langu la Pasaka halikuwa la kutupwa lote. Picha haisemi uwongo maadamu wapo wanaojua. Lakini ubao hudumu kuliko mashahidi wake. Siku moja bibi atakufa, na majirani wale watakufa, na mtu atakayeirithi nyumba atawaambia wageni kwa moyo mweupe kabisa kwamba huyu mjomba wetu alikuwa mhitimu. Siku hiyo picha itakuwa imedanganya, wala hatakuwako mtu wa kulaumiwa.

Mama akamjibu mtoto, wala hakukawia. “Hakuhitimu, mwanangu. Alifariki mwaka wa pili. Lile joho nimemvisha mimi.” Kisha akamsimulia jinsi walivyouza ng'ombe wawili ili aende chuoni, jinsi alivyokuwa akirudi likizo na kwenda moja kwa moja kuzibua mfereji kabla hajala, jinsi alivyougua. Mtoto akasikiliza mpaka mwisho, akarudia mhogo wake.

Hapo nikakumbuka mambo mawili, moja la huku na moja la mbali. La huku ni kwamba mababu wa Upare, kabla ya kamera na kabla ya Injili, walihifadhi mafuvu ya wazee wa ukoo katika msitu mtakatifu, na ukoo ulikwenda huko kuwakumbuka na kuwaomba. Sisi tulifundishwa kuona hapo upagani tu. Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba fuvu halina sura, haliwezi kumwambia mtoto hata jina. Lilihitaji mzee asimame kando yake na kusema huyu alikuwa nani. La mbali ni la Lubumbashi, kwa ndugu zetu wa Kongo wasemao Kiswahili chao cha Katanga. Huko, katika miaka ya 1960 na 1970, wachoraji walizichorea nyumba za watu wa kawaida picha za kutundika sebuleni: askari, treni, gereza la wakati wa Wabelgiji, nguva wa mtoni. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliichora historia yote ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, akamweleza kila moja kwa Kiswahili mtaalamu Johannes Fabian, aliyeziandikia kitabu. Watu wa huko waliziita picha hizo ukumbusho. Thamani ya picha ilikuwa kwamba mgeni akiiona angeuliza, na mwenyeji angepata kusimulia. Picha isiyoulizwa ilikuwa ubao tu.

Kwa hiyo kosa langu lilikuwa kuudai ukweli wote kutoka kwenye brashi, kana kwamba picha hukaa peke yake jangwani. Ukweli wa picha ya nyumbani umegawanyika: sehemu iko kwa mchoraji, sehemu iko kinywani mwa mwenye nyumba. Mchoraji akichora na mwenye nyumba akanyamaza, ndipo uwongo huingia, hata kwa picha iliyofanana kabisa. Nimeona katika nyumba nyingi picha za kweli tupu za mababu ambazo hakuna mtu anayejua tena ni za nani.

Niliporudi Same nikamwendea kijana wetu kibandani, nikamwambia kwamba nilikosea, na nilikosea wapi. Alisikiliza huku akisafisha brashi kwa mafuta ya taa. Hakunilaumu, ingawa kazi ile aliikosa kwa ajili yangu, nami najua fedha hiyo ilikuwa na maana kwake. Alisema amefikiri juu ya yule mtoto na swali lake. Tangu wakati ule huigeuza kila picha anapoimaliza na kuandika nyuma yake kwa rangi nyeusi: jina la mtu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufariki kama amefariki, imechorwa kutoka picha gani, na kipi kimeongezwa kwa agizo la mwenyewe. Wateja wengi hupenda. Mmoja, ambaye cheo chake sitakitaja, aliomba maandishi ya nyuma yafutwe. Kijana akafuta, kwa maana picha ni ya aliyelipa. Lakini aliniambia mikono yake ilikuwa mizito.

Mwaka huu, mwezi wa Januari, siku ya gulio, yule mama aliteremka tena, safari hii na mumewe, wameibeba ile picha ya Moshi imefungwa kwa kanga. Alikuwa amesikia habari ya maandishi ya nyuma, akayataka. Mchoraji akamwuliza aandike nini juu ya joho, naye akamwambia aandike kwamba limevishwa na mama yake. Akaandika. Kisha mama akaigeuza tena picha mbele, akaigusa mikono ile minene kwa kidole, akauliza kama yaweza kuchorwa upya. Uso ni wake, alisema, na joho analijua mwenyewe, lakini mikono hii si ya mwanangu. Mwanangu alikuwa na mikono ya baba yake.

Picha ya mikono haikuwako. Ile ya pasipoti iliishia mabegani. Basi baba akaketi kwenye kigoda mbele ya kibanda, akaiweka mikono yake magotini, akakaa hivyo bila kusema neno mpaka saa nane mchana, huku mabasi yakija na kuondoka.